Mlango Uliombeba Generoza

Kota za Juu pale Kasulu zilijengwa na Waingereza, lakini milango yake ilitoka mikononi mwa Muha, na Kipriani hakumwacha mtu asahau jambo hilo. Ukikutana naye barabarani, kabla salamu haijaisha ungekwisha kuelezwa habari za mninga, za bawaba za shaba, na za marehemu baba yake. Watu wa mjini walimzoea. Wengine walibadili njia.

Baba yake, Mzee Reverien, alijifunza useremala misheni, akachukuliwa na serikali ya mkoloni kutengeneza milango ya mbele ya nyumba nane za mabwana. Aliambiwa achonge maua ya Kizungu kwenye ubao wa kati. Yeye akachonga misuko ya vikapu, ile ile aliyokuwa akiisuka mama yake, kila mlango na msuko wake. Bwana aliyesimamia kazi ama hakuona tofauti, ama aliona akanyamaza, na milango ikafungwa kwenye fremu zake. Miaka mingi baadaye Operesheni ilipopita na watu wa milimani wakaambiwa washuke wakaishi kijijini, nyumba ya Mzee Reverien ilibomolewa, vitanda alivyovitengeneza vikavunjikia juu ya lori, na kaburi lake likaachiwa majani. Kilichobaki duniani cha mkono wake kilikuwa ile milango minane. Kipriani aliipenda kuliko inavyomfaa mtu kupenda mbao, na kwa hilo simlaumu. Nitamlaumu kwa mengine.

Mwaka 1975 serikali iliamua kuzifufua kota hizo. Tangu Madaraka Mikoani, maofisa walikuwa wakimiminika Kasulu kutoka kila pembe ya nchi na pa kulala hawana. Unamkuta bwana shamba wa kutoka Musoma na karani wa mahakama wa kutoka Masasi wamebanana chumba kimoja nyuma ya duka. Kota za Juu nazo zilikuwa zimehamiwa na popo, mabati yametoboka, sakafu zimebanduka. Kipriani, ambaye wakati huo alikuwa fomeni wa ujenzi, akapewa kazi ya kuzikarabati: mabati mapya, saruji, chokaa, na milango mipya ya plaiwudi itakayoletwa kutoka Kigoma.

Hapo kwenye milango ndipo alipogoma. Mwaka uliotangulia alikwenda Kibondo kufuata saruji, akapita penye nyumba fulani za zamani zilizokuwa zimekwisha kutengenezwa. Milango yake ya kwanza ilikuwa imeng'olewa na kutupwa. Mmoja aliukuta umefunga banda la mbuzi, mwingine umelazwa juu ya mtaro, watu wanaukanyaga na matope yao. Siku aliyorudi hakula.

"Ya baba haitakanyagwa," alimwambia mkewe, Ernesta.

"Mlango haujui unakanyagwa na nani," Ernesta akajibu. Mwanamke huyo alikuwa na akili za kuwatosha watu wawili, na ilikuwa bahati, maana nyumba ile ilizihitaji.

Mhandisi aliyetumwa kutoka Kigoma kukagua aliitwa Khatibu, mtu wa pwani, mpole wa maneno na mwepesi wa kuondoka. Alipofika kota namba sita alipitisha kiganja juu ya msuko wa mlango, akasema, "Mashallah." Kisha akasema la kazi.

"Sikiliza, Ndugu Fomeni. Kota ni moja. Haiwezi ikawa nyumba hii na mlango huu, ile na mlango ule, kama kanzu ya viraka. Stoo ya mkoa wananipa milango ya nyumba zote au hawanipi kabisa. Ukinionyesha yote minane ni mizima, imesafishwa, imerudi kwenye fremu zake, basi plaiwudi nitaipeleka kwingine. Ukipungua hata mmoja, naleta mipya, na hii mtachomea matofali."

"Haitapungua, Ndugu Mhandisi."

"Na kumbuka nyumba ni ya kukaa watu. Wapangaji wakiikataa, mimi sitakuwa na la kuwajibu."

"Waikatae kwa nini?" Kipriani akauliza, na kweli hakuona sababu.

Milango ikatolewa na kuegeshwa kwenye banda la kazi pembeni mwa kota. Kipriani aliwaachia vijana wake mabati na saruji, yeye akajifungia na milango. Akabandua rangi za miaka yote, ya kijani juu ya nyeupe juu ya kijani, mpaka mninga ukatokea mwekundu kama siku ulipopasuliwa. Akazing'arisha bawaba kwa majivu na ndimu. Katika masika yale, huku kila mtu Kasulu akilalamika juu ya mvua na foleni ya unga, yeye alikuwa akipiga mluzi.

Sasa yabidi nieleze habari ya ingobyi, kwa ajili ya wasioijua. Huko milimani, kabla ya Operesheni, kila mlima ulikuwa na ingobyi yake, kitanda cha kusuka kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu, cha kubebea wagonjwa. Na kila mlima ulikuwa na wabebaji wake, wanaojuana kwa zamu. Yowe la ingobyi likipigwa, mtu aliacha jembe palepale shambani akaja. Asiyekuja, siku yake ikifika alibebwa na mkewe. Kijiji kipya cha bondeni kiliwakusanya watu wa milima mingi mahali pamoja, wakapangwa kwa mistari kama mahindi. Vyungu vilishuka, kuku walishuka, ila ingobyi haikushuka hata moja, kwa sababu kila mlima ulidhani mlima mwingine umekuja na yake.

Kosa hilo lilijulikana mchana mmoja wa mvua, zamu ya Generoza ilipofika.

Generoza alikuwa mke wa Bazilio, mkulima wa kijiji kile. Uchungu wa kuzaa ulimshika tangu siku iliyotangulia na mtoto alikuwa hatoki. Gari la hospitali lilikuwa limekwenda upande wa Kibondo. Bazilio na majirani wakamfunga katika blanketi, wakapitisha mti, wakaanza kupanda kuelekea hospitali. Walipofika chini ya kota, blanketi likachanika. Kipriani alisikia kelele, akatoka bandani akamkuta mwanamke amelala kwenye majani yaliyolowa, na Bazilio amesimama juu yake akimkinga mvua kwa koti lake.

"Kipriani, nipe kitu," Bazilio akasema. "Chochote cha kumlaza."

Kipriani apewe haki yake, hakusita. Aliingia bandani akashika mlango uliokuwa karibu na mkono. Ulikuwa wa namba sita, ule ule uliosifiwa na mhandisi, umetoka kupakwa mafuta asubuhi ile. Wakamlaza Generoza juu yake, wakauinua watu sita, na Kipriani mwenyewe akashika pembe ya nyuma. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile haukuwa usufi kwa yeyote. Mninga ni mzito, tope linateleza, na mwanamke alikuwa akimlilia mama yake, "Mawe we! Mawe we!" huku vidole vyake vimejishika kwenye misuko iliyochongwa, akiing'ang'ania asiteleze.

"Tumefika?" aliuliza mara moja.

"Ego, tumefika," mumewe akamdanganya.

Walipofikia miti ya misaiprasi alinyamaza. Wabebaji wanajua kitu hicho kinapotokea, hata kabla ya kutazama. Hakuna aliyesema neno wala aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama, basi wakaendelea kupanda mpaka mlangoni mwa wodi ya wazazi. Nesi mkunga aliyekuwa zamu, Veronica, aliwapokea, akainama, akasikiliza kifuani, akasikiliza tumboni. Kisha akaanza kuvitoa vidole vya Generoza kwenye msuko wa mlango, kimoja kimoja, polepole, kama anayeogopa kumwamsha. Mtoto naye hakupona.

Siku ya pili, baada ya maziko, Bazilio alipanda tena peke yake mpaka bandani. Nguo zake zilikuwa bado na udongo mwekundu wa kaburini. Mlango ulikuwa umeegemea ukuta, umekwisha kuoshwa.

"Nimekuja kuufuata," alisema.

Kipriani alijua anachotaka, maana naye ni Muha, alikulia mlima uleule. Kitu kilichombeba mtu akafia juu yake hakirudi nyumbani mwa walio hai. Ingobyi ya namna hiyo hulazwa juu ya kaburi ikaozea pale, na wabebaji husuka nyingine. Ndivyo walivyofanyiwa bibi zake na babu zake. Alijua, na palepale akajua pia kwamba bila mlango ule hesabu ya mhandisi haitatimia, na ile saba mingine itaingia kwenye tanuri la matofali.

"Ndugu yangu," akasema, "huu ni mali ya serikali. Nikikupa watanifunga, na wewe watakuhoji."

"Basi urudi mlangoni mwa mtu? Na mke wangu alifia hapo?"

"Oya, hapana. Hautarudi. Nitauchoma mwenyewe, leo hii, kwa heshima yake. Serikali nitaiambia umepasuka."

Bazilio akauliza, "Majivu yake utanipa?"

Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema kweli. Alisema, "Ego, nitakupa," na neno likishatoka limetoka. Alasiri ile akakusanya vipande vya mbao za jukwaa la ujenzi, mapande ya msonobari yaliyojaa saruji, akawasha moto nyuma ya banda. Majivu akayatia kwenye kikapu safi, akayashusha mwenyewe kijijini. Bazilio alipokea kikapu kwa mikono miwili. Watoto wake wawili walisimama kando wakitazama, na wote wanne wakaenda kaburini, Kipriani naye akiwemo, akaona majivu ya mbao za jukwaa yakimwagwa juu ya udongo wa Generoza kwa sala.

Jioni ile hakuweza kumtazama mkewe usoni. Kesho yake Ernesta alimpelekea chakula bandani, akaona kitu kimefunikwa magunia kwenye kona, akafunua.

"Hiki ni nini?"

Kipriani akaurudishia magunia yake.

"Kipriani, umempa mtu aliyefiwa majivu ya jikoni?"

"Si ya jikoni."

"Afadhali yangekuwa ya jikoni, angalau yameivisha chakula." Akaketi juu ya benchi la kazi. "Tengeneza mwingine. Wewe si fundi? Baba yako alikufundisha bure?"

"Mninga mkavu nitaupata wapi? Mbichi utapinda kabla ya Pasaka. Na mhandisi anakuja mwezi huu."

"Basi mwambie mhandisi ukweli."

"Mtu wa pwani atayajua wapi mambo ya ingobyi? Atahesabu saba, ataleta plaiwudi. Ernesta, ni baba. Nikiiacha hii, hana kitu tena juu ya ardhi."

"Njia ya mwongo ni fupi," Ernesta akasema, akachukua bakuli lake akaondoka na chakula. Sijui kama alisahau kukiacha au alikusudia.

Wapo watakaosema Kipriani alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alikuwa mtu aliyejipa ruhusa mara moja tu, kwa sababu nzuri, na sababu nzuri ndizo zinazoponza watu. Kwa vijana wake wa kazi akasema amepata mlango mwingine wa mzee Reverien kwenye stoo ya zamani ya Boma, umekaa humo bila kutumika. Waliamini. Nani angemdhania fomeni wao uongo kwa ajili ya mlango?

Yote minane ikafungwa. Mhandisi Khatibu akaja, akafungua na kufunga mmoja mmoja, akasikiliza komeo likiingia mahali pake bila kukwaruza, akaweka sahihi yake. Alipoondoka Kipriani alisimama barabarani peke yake akazitazama nyumba, chokaa nyeupe na milango myekundu inayong'aa kwenye jua la kwanza baada ya wiki ya mvua. Saa hiyo aliyokuwa ameingoja tangu Kibondo alikuwa ameifikia. Alitafuta furaha moyoni mwake akakuta imechanganyika na moshi wa msonobari. Akarudi nyumbani mapema.

Nyumba ziligawiwa na ofisi ya wilaya kwa jinsi walivyoona wao. Hakimu alipewa namba moja, bwana afya namba mbili. Namba sita walimpa Veronica, nesi mkunga.

Kipriani aliposikia alijifariji kwamba siku ile ilikuwa mvua, mwanamke alikuwa na kazi yake ya uuguzi, nani hutazama mlango wakati maiti imelala juu yake? Hata hivyo alijipeleka mwenyewe kumkabidhi funguo, asije mwingine akamwonyesha nyumba.

Veronica alikuja na sanduku lake moja la bati na godoro, vimebebwa kwenye mkokoteni. Mama huyu alikuwa Mngoni wa Songea, na tangu ahamishiwe Kasulu alikuwa akipanga chumba nyuma ya duka la Mzee Dadi, choo akigawana na wateja wa hoteli. Alikuwa akicheka. Alipanda kibarazani, akanyoosha mkono apokee ufunguo, na mkono ukabaki hewani.

"Fomeni," akasema.

"Naam, Sista."

"Huu ni ule."

"Ule upi?"

Veronica aliinama, akaweka vidole vyake mwenyewe kwenye msuko wa ubao wa kati, kimoja hapa, kimoja pale, kwa mpangilio aliokuwa akiujua. Kisha akavitoa.

"Vilikuwa hapa," akasema. "Mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa huku. Nilimwambia kliniki asiogope, mtoto amekaa vizuri. Nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Sista, ni milango inayofanana. Ilichongwa na mtu mmoja."

"Usinifanye mtoto mdogo." Hakupaza sauti. "Mimi si mtu wa huku, mila zenu sizijui zote. Sina hofu ya mzimu. Lakini asubuhi nikienda kazini nimpite, jioni nikirudi nimpite? Nikiwa na usingizi wa zamu ya usiku niweke mkono hapo nisukume? Kaka yangu, ungeweza wewe?"

Mwenye mkokoteni, kijana wa kijiji cha bondeni, alikuwa amesikia yote. Veronica akamwambia ageuze. Aliteremka na sanduku lake kurudi nyuma ya duka la Mzee Dadi, kwenye chumba ambacho alikuwa amekwisha kukifagia kwa mara ya mwisho.

Habari haikuhitaji miguu. Kabla jua halijatua ilikuwa imefika kisimani, na kutoka kisimani imeingia katika kila jiko la Kota za Juu. Mpishi wa hakimu, Muha, aliweka chini mwiko akasema hapiki ndani ya nyumba ile. Mke wa hakimu alikuwa Mhaya, na ingobyi ya Waha haikumhusu, lakini aliuliza swali lililommaliza Kipriani: kama fomeni alikuwa na ujasiri wa kumpa mfiwa majivu ya uongo kwa ajili ya mlango mmoja, nani anajua hii mingine imembeba nani? Milango yote ilikaa bandani masika mazima. Aliyeshika funguo za banda ni nani?

Kipriani alipita nyumba kwa nyumba. Akaapa kwa Biblia, akaapa kwa kaburi la baba yake. Akasema ni mmoja tu, hii mingine haijatoka bandani hata siku moja. Na alikuwa akisema kweli, kweli tupu. Walimsikiliza kwa adabu, wakamkaribisha uji, na hakuna aliyemwamini. Ungemwona siku hizo ungemhurumia, fomeni mzima, kofia mkononi, akibembeleza wapishi.

Mhandisi Khatibu alirudi na lori. Alimkuta Kipriani ameketi kwenye kibaraza cha namba sita, nyumba tupu.

"Ungeniambia," mhandisi akasema.

"Ungeleta plaiwudi."

"Pengine. Sijui. Lakini ungekuwa umeniambia jambo ninaloweza kulibeba. Hata kwetu kuna mambo ya namna hiyo. Jeneza la msikitini halifanywi meza." Akavua miwani akaifuta. "Sasa wapangaji hawaulizi mlango upi. Wanasema milango ya Kipriani. Pole sana, ndugu yangu."

Plaiwudi ikashushwa. Ilikuwa myepesi, mtu mmoja anabeba miwili kwapani. Milango ya Mzee Reverien ikang'olewa na vijana walewale walioifunga, ikapelekwa kwenye tanuri la matofali nyuma ya Boma. Kipriani alikwenda. Ernesta alimkataza, akaenda. Mninga mkavu wa miaka mingi hauleti moshi mwingi. Uliwaka vizuri, tena kwa harufu nzuri, na mchoma matofali akamsifia kuni zake bila kujua anasema na nani.

Ilipofika zamu ya namba sita, mchoma matofali alikunja mikono.

"Huo siuingizi. Matofali haya yatajenga nyumba ya mtu."

Hakuna aliyebishana naye. Wakauacha pale kwenye nyasi, wakaondoka. Hivyo, kati ya yote aliyoitengeneza Mzee Reverien, ukabaki ule mmoja ambao hakuna mtu duniani aliyeutaka.

Kipriani aliufunga kamba, akaubeba mgongoni, akateremka nao kijijini. Watu waliokuwa wakilima kando ya njia waliinua vichwa, wakamwona, wakainama tena kwenye majembe yao. Alipofika kwa Bazilio shingo ilikuwa imemchubuka. Bazilio alikuwa uani akipukuchua maharage na watoto wake. Kipriani aliushusha mlango, akabaki amesimama.

"Mwakeye," akasalimu.

Bazilio hakuitikia. Aliwaambia watoto waingie ndani. Kisha akauliza, "Majivu niliyomwaga yalikuwa ya nini?"

"Mbao za jukwaa."

"Mbao za jukwaa," Bazilio akarudia. "Wanangu walipiga magoti juu ya mbao za jukwaa."

"Nimeuleta. Ulaze juu yake kama ulivyotaka. Nipige, Bazilio, au nipeleke kwa katibu kata. Lolote."

"Nikupige, iwe nini?" Bazilio alisimama, akauzunguka mlango. Hakuugusa kwanza. Kisha akachuchumaa akaweka kiganja juu ya msuko. Kipriani alitazama pembeni.

"Wiki iliyopita tulimbeba Mzee Stanislaus mgongoni mpaka hospitali," Bazilio akasema alipoweza. "Alitutapikia njia nzima. Kijiji hiki mpaka leo hakina ingobyi. Kila mlima unasema miti itolewe na mlima mwingine." Akagonga ubavu wa mlango kwa kifundo cha kidole. "Hii ni miti mirefu, mikavu, haipindi."

"Lakini mila..."

"Mila hiyo ilikuwa ya watu wenye ingobyi. Tulilaza moja tukasuka nyingine. Sasa tulaze ipi, tusuke ipi?" Akainuka. "Ubao aliokuwa ameushika ni wake. Utoe, nitampelekea, na wewe utakuja uwaambie wanangu mwenyewe kwa nini ni mara ya pili. Hiyo miti ya pembeni wanawake wataisukia kamba iwe ingobyi. Na siku yowe likipigwa, utakuja kubeba."

"Nitakuja."

"Basi utoe. Wewe ndiye fundi."

Kuna jirani aliyeleta nyundo na patasi, butu zote mbili. Kipriani alipiga magoti uani, akautafuta mshono wa ubao wa kati, akaingiza patasi, akagonga taratibu kama mtu anayetaka kuokoa kitu. Ubao haukutikisika. Mzee Reverien alikuwa ameuchomeka vizuri, pande zote nne, bila msumari hata mmoja, na mwanawe alilazimika kuupasua.